Wasiwasi Wenye Saa

Kuna wasiwasi unaokuja kwa ratiba. Mtoto amemeza kidonge saa moja asubuhi. Paredini bado ni yule yule wa jana, anamsukuma aliye mbele yake na kuhesabu ndege badala ya kuimba. Saa tatu ametulia. Ananakili ubaoni mstari kwa mstari, na mwalimu anashangaa kimoyomoyo. Lakini saa hiyo hiyo ya tatu, chini ya utulivu huo, moyo unamwenda mbio, viganja vimelowa jasho, na anahisi kuna baya linakuja asiloweza kulitaja. Kufika saa sita, hofu imekwisha. Hakuna aliyemtisha wala aliyembembeleza. Ilikuja, ikakaa muda wake, ikaondoka.

Simsemi mtoto fulani. Huyu ni mtoto wa kufikirika, nami nimemweka Bariadi, mkoani Simiyu, makusudi, kwa kuwa mengi yanayoandikwa kuhusu dawa za ADHD, ile hali ya kushindwa kutulia na kushika umakini, huandikwa kana kwamba kila mzazi ana daktari wa akili mtaa wa pili, na akimpigia simu hupokelewa. Nataka kutazama mambo yanavyokuwa pale ambapo daktari huyo yuko mkoa mwingine.

Watoto wenyewe tumewajua kabla ya kulijua jina. Ni yule asiyekaa, anayejibu kabla swali halijaisha, anayetumwa chumvi akarudi na habari zote za dukani bila chumvi. Au ni yule mwingine, mara nyingi wa kike, asiyemsumbua mtu lakini hayupo: mwili uko kwenye dawati na akili iko kwingine. Wataalamu hutaka dalili ziwe zimeanza kabla ya umri wa miaka 12, na zionekane mahali pawili au zaidi, nyumbani na shuleni kwa mfano, ndipo wakubali kulitaja jina. Mtoto anayevuruga darasa la mwalimu mmoja tu huenda ana ugomvi na mwalimu huyo, basi.

Dawa inayotumika zaidi ni methilifenideti, ikifuatwa na jamii ya amfetamini. Huzuia seli za ubongo zisizoe haraka dopamini na noradrenalini zilizokwisha kuzitoa, hivyo kemikali hizo mbili hukaa muda mrefu zaidi zinapohitajika, hasa katika sehemu ya mbele ya ubongo inayoshika hatamu za fikra. Umakini unapatikana hapo. Ila noradrenalini ndiyo hiyo hiyo ambayo mwili huitumia kupiga mbiu ya hatari: moyo uende kasi, mishipa ya damu ibane, tumbo lisahau njaa, usingizi ukae mbali. Kwa hiyo wasiwasi huu si uchafu uliochanganyika na dawa. Ni dawa yenyewe, ikifanya kazi mahali ambapo hatukuiomba.

Mkoa wa Simiyu ulizaliwa mwaka 2012, ukimegwa hasa kutoka Shinyanga, na kwa sensa ya 2022 una watu zaidi ya milioni mbili katika wilaya za Bariadi, Busega, Itilima, Maswa na Meatu. Ngazi ya tiba inajulikana: zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, kisha hospitali ya rufaa ya mkoa pale Nyaumata, Bariadi. Juu ya hapo unavuka mpaka wa mkoa kwenda Bugando, Mwanza, hospitali iliyofunguliwa mwaka 1971, na kwa mambo mazito ya akili lipo jina linalojulikana nchi nzima, Mirembe ya Dodoma. Methilifenideti haimo katika mazungumzo ya kila siku ya ngazi hizo za chini. Duka la dawa muhimu pale sokoni haliiuzi, na haliruhusiwi, kwa kuwa dawa hii imo katika jedwali la pili la mkataba wa kimataifa wa mwaka 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili, pamoja na amfetamini. Shirika la Afya Duniani liliombwa kuiingiza katika orodha yake ya dawa muhimu. Mwaka 2019 likakataa, na mwaka 2021 likakataa tena, likisema ushahidi wa faida na wa madhara yake una mapungufu. Nchi zinazonunua dawa kwa kuitazama orodha hiyo husoma na kukataliwa kwake.

Kwa hiyo anayeipata Bariadi ni mmoja mmoja. Ni mtoto ambaye mzazi wake ana bima nzuri au ana ndugu Dar es Salaam, au kijana aliyetambuliwa hali yake akiwa chuo kikuu akarudi nyumbani likizo na kopo lake. Mtu wa namna hiyo hana mwenzake wa kumuuliza. Mwenye kisukari atamkuta mwenye kisukari kliniki, wataonyeshana vidonge na kulalamika pamoja. Huyu peke yake ndiye kliniki nzima.

Sasa fuata safari yake. Mama na mtoto wanatoka Bariadi alfajiri kwa basi, wanapita Lamadi, pale Serengeti inapokaribia ziwa, wanapita Magu, wanaingia Mwanza jua limepanda. Faili, foleni, malipo, foleni tena. Wanaingia kwa daktari saa saba mchana. Mama hakumpa mtoto kidonge asubuhi ile, kwa kuwa alijua tumbo la safari lilivyo. Au alimpa saa kumi na moja alfajiri, na kidonge cha kawaida cha methilifenideti huanza kazi ndani ya saa moja, hufika kilele kama saa mbili baada ya kumezwa, na huisha baada ya saa tatu hadi tano. Kwa vyovyote, anayeketi mbele ya daktari ni mtoto asiye na dawa mwilini. Daktari anamwangalia, anampima mapigo, anauliza anaendeleaje. Mapigo ni mazuri. Mama anasema, “Anaendelea vizuri, daktari, darasani amepanda.” Yote ni kweli. Na saa tatu ya kila asubuhi haikuingia chumbani mle.

Nguvu ya dawa hizi yenyewe ilionekana kwanza na watu wasio madaktari. Mwaka 1937 Charles Bradley, daktari wa watoto katika jimbo la Rhode Island, Marekani, aliwapa watoto 30 wa hospitali yake amfetamini iliyoitwa Benzedrine. Hakuwa akitafuta umakini. Watoto walikuwa wameumwa vichwa baada ya kipimo cha uti wa mgongo na ubongo kilichotumiwa siku zile, naye alidhani kichangamshi kingewasaidia. Vichwa havikupona sana. Walimu wa pale ndipo waliposhangaa, maana baadhi ya watoto waliokuwa hawashikiki walianza kufanya kazi za darasa kwa hamu, na watoto wenyewe wakavipa vidonge jina la vidonge vya hesabu. Mwenye koti jeupe alitazama kichwa kinachouma. Mwenye chaki aliona mtoto mwingine ameketi kwenye kiti kile kile. (Methilifenideti ilikuja baadaye, mwaka 1944, kwa mkono wa mkemia Leandro Panizzon wa kampuni ya Ciba, Uswisi. Aliipa jina la mkewe aliyeitwa Rita kwa kifupi, ambaye inasimuliwa aliimeza ili acheze tenisi vizuri. Ndipo likatoka jina Ritalin.)

Kama nguvu ya dawa ilionekana kwanza na anayeshinda na mtoto, maudhi yake yataonekana na huyo huyo. Hili ndilo ninaloshikilia katika makala haya yote, na ugumu wake uko katika kwamba wasiwasi hauna sura moja.

Upo ule wa kilele, nilioanza nao. Upo wa njaa, ambao naona Simiyu ungestahili kutazamwa kabla ya mwingine wowote. Methilifenideti hukata hamu ya kula, hasa mchana. Mtoto ameondoka nyumbani asubuhi na chai kavu, au hata hiyo hakunywa, ametembea, saa nne wenzake wanatafuna michembe na matobolwa ya viazi vitamu, yeye hasikii njaa. Mwili lakini haudanganyiki. Ikifika saa saba anatetemeka mikono, kichwa chepesi, moyo unadunda, anaona kizunguzungu. Kwa mtazamaji hiyo ni hofu, na kwa mtoto mwenyewe pia ni hofu, maana tumbo tupu na woga hutumia milango ile ile. Mzazi anaweza kuacha dawa nzuri kwa kosa la uji uliokosekana. Kidonge kimezwe baada ya kifungua kinywa cha haki, uji mzito na maziwa kama yapo, na jioni, hamu ikirudi, mtoto apewe chakula kingi bila kuambiwa kwamba wakati wa kula umepita.

Halafu upo wa jioni. Dawa inaposhuka, baadhi ya watoto hawashuki taratibu nayo; huanguka. Saa ambayo ng'ombe wanarudi zizini, mtoto aliyekuwa malaika darasani analia kwa sababu ya kikombe, anagombana na kaka zake, anaogopa giza ambalo wiki iliyopita alikimbilia ndani yake. Nyumbani wanaona jioni tu, shuleni wanaona asubuhi tu. Mwalimu anamsifu na bibi anamshangaa mwalimu. Wakikutana siku ya kikao cha wazazi watadhani wanazungumzia watoto wawili.

Unaonishughulisha zaidi ni mwingine, na huo hauna mwenye kuutibu kwa kupunguza miligramu. Mtoto ambaye akili yake ilikuwa haikai mahali kwa dakika tano, sasa inakaa. Anasikia. Miaka yote mitatu ya mwanzo ya shule maneno yalimpita: kwamba hajui kusoma, kwamba ni wa mwisho, kwamba baba ameuza ng'ombe na pamba haikulipwa kwa wakati, kwamba mwakani kuna mtihani wa taifa wa darasa la nne. Dawa imemfungulia masikio na dunia imeingia yote kwa mara moja. Anajua sasa kuwa wenzake walimcheka. Anajua fimbo inakuja kabla haijaja, naye zamani ilimshtukiza na kusahauliwa. Hofu hii inaweza kutokea saa tatu, wakati dawa iko kileleni, kwa sababu saa tatu ndiyo saa anayoona vizuri. Mtazame kwa saa peke yake utasema ni maudhi ya kidonge. Ni maudhi ya kuona. Ukimwondolea dawa atatulia, kwa maana kwamba ataacha tena kuona.

Hapo ndipo inabidi niitaje takwimu inayowashangaza wengi. Mwaka 2015 Catherine Coughlin na wenzake walikusanya majaribio 23 yenye watoto 2,959 wenye ADHD, wakalinganisha waliopewa dawa za kuchangamsha na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Waliomeza dawa halisi walilalamikia wasiwasi kidogo kuliko waliomeza bandia, kwa tofauti ya kama asilimia 14. Inaeleweka: mtoto anayemaliza kazi, asiyefukuzwa darasani, asiyevunja vitu, ana machache ya kuogopa. Na utafiti mkubwa wa Marekani uliochapishwa mwaka 1999, uliofuata watoto 579 kwa miezi 14, uliwakuta karibu thuluthi moja wakiwa tayari na tatizo la wasiwasi kabla ya tiba yoyote ya utafiti kuanza. Watoto hao walinufaika vizuri na mafunzo ya tabia kwa wazazi na walimu, ambayo kwa wenzao yalionekana kuwa na nguvu ndogo. Kwa hiyo si haki kumwambia mama kwamba dawa hizi huleta wasiwasi, nukta. Na si haki vilevile kumwambia kwamba utafiti umekataa. Wastani wa watoto 2,959 haujui chochote kuhusu wa kwake.

Ipo dawa nyingine ambayo ingeonekana ndiyo jibu kwa mtoto mwenye wasiwasi: atomoksetini, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2002. Si ya kuchangamsha, haimo katika majedwali ya mkataba wa 1971, na wataalamu hupenda kuifikiria pale wasiwasi na ADHD vinapokaa nyumba moja. Lakini nadharia yangu ya saa inavunjika mbele yake. Atomoksetini haina asubuhi wala jioni. Hufanya kazi mchana na usiku, na huchukua wiki kadhaa kuonyesha nguvu zake. Maudhi yake, moyo kwenda mbio na kichefuchefu na hasira, hayana kilele cha kukitazama. Zaidi ya hapo huvunjwavunjwa mwilini na kimeng'enya cha ini kiitwacho CYP2D6, ambacho kwa watu wengine ni kivivu kwa kuzaliwa. Mtu wa namna hiyo akimeza kipimo kile kile hubaki na dawa nyingi zaidi kwenye damu, hadi mara kumi ya mwenzake kwa jumla ya siku. Mwaka 1999 watafiti wakiongozwa na Agneta Wennerholm walichapisha matokeo yao kuhusu Watanzania weusi na kimeng'enya hiki, wakakuta kwamba uwezo wa kuvunja dawa ya majaribio ulikuwa umepungua kwa wengi, ingawa wasiokuwa nao kabisa walikuwa wachache. Sisemi kwamba kila Msukuma ameze nusu. Nasema kipimo kilichoandikwa kwenye karatasi ya kopo kilipatikana kwa miili mingine, na hilo linatosha kuanza chini na kupanda polepole.

Tena, tusijifanye kwamba hofu itokayo kwenye kidonge ni habari mpya kufika Simiyu. Watu wa kule wanaijua kwa jina jingine. Kwa miaka mingi wanaoishi na virusi vya UKIMWI walimeza efavirenzi, usiku kabla ya kulala, ili kizunguzungu chake kiwakute kitandani. Ikawaletea ndoto za kutisha, majinamizi, na kwa wengine huzuni na wasiwasi wa mchana. Utafiti uliowalinganisha wagonjwa wa Tanzania na wa Ethiopia, uliochapishwa mwaka 2013, uliwakuta Watanzania na kiwango kikubwa zaidi cha dawa hiyo kwenye damu, hata pale ambapo vinasaba vya kimeng'enya vilifanana. Waliambiwa wavumilie, na kwa haki kabisa, maana ilikuwa inawaokoa. Kuanzia mwaka 2019 nchi ilihamia dawa yenye dolutegraviri, na mzigo huo wa usiku ukawashuka wengi.

Haloperidoli nayo. Hii ipo, ni rahisi, na ndiyo anayopewa mtu aliyechanganyikiwa anapoletwa na ndugu wanne wakiwa wamemshika. Siku chache baadaye ametulia maneno lakini miguu haitulii: anakaa, anasimama, anatembea ua mzima, ndani kunamchoma hamu ya kuondoka kwenda asikokujua. Ni maudhi ya dawa yanayojulikana vizuri katika vitabu. Ndugu husema ugonjwa umerudi. Mhudumu aliyechoka akikubaliana nao, kipimo huongezwa, na miguu huzidi.

Na fenobabitoni, dawa ya kifafa iliyoanza kutumika mwaka 1912, ambayo daktari Louise Jilek-Aall aliwapa wagonjwa wa Mahenge miaka ya 1960 na ambayo kwa bei yake bado inawafikia watoto wa vijijini kuliko dawa nyingine za kifafa. Inazuia degedege. Pia huwafanya baadhi ya watoto wakose utulivu: wanakimbia, wanapiga, hawalali, hawasikii. Mtoto huyo ukimpima kwa maswali ya ADHD atapata alama zote. Kwa hiyo mkoa ambao hauna dawa ya utukutu unayo dawa inayouleta, na kabla daktari hajafikiria methilifenideti kwa mtoto mwenye kifafa, mtu aulize kwanza ni vidonge gani anameza sasa na tangu lini.

Kinachofuata hofu isiyoelezwa ndicho kinachonitia hofu mimi. Mtoto aliyeanza kuogopa ghafla, asiyekula, asiyelala, anayesema moyo unamkimbia, hajawahi kukosa maelezo katika nchi ya Wasukuma. Bibi atafikiria masamva, wahenga wanaotaka kukumbukwa. Jirani mlokole atataka aombewe. Sina ugomvi na vyote viwili, maana havimwachi mtoto peke yake, na nfumu (mganga wa jadi) mzuri husikiliza kwa muda mrefu kuliko daktari mwenye wagonjwa arobaini nje. Ugomvi wangu ni na maelezo ya tatu, yale yanayotafuta mtu. Shinyanga ya zamani, Simiyu ikiwa ndani yake, imebeba kwa miongo mingi aibu ya vikongwe waliouawa kwa kudhaniwa wachawi, macho yao yakiwa mekundu kwa moshi wa jikoni. Hofu ya mtoto isiyo na sababu hutafuta wa kuibeba, na mara nyingi humpata mjane anayeishi peke yake. Mzazi aliyeambiwa mapema, kwa maneno mepesi, kwamba “kidonge hiki kinaweza kumfanya aogope saa mbili au tatu baada ya kukimeza, ukiona hivyo niambie,” amepewa zaidi ya tahadhari ya kitabibu. Kuna mtu mwingine kijijini ambaye sentensi hiyo inamlinda bila yeye kujua.

Nani basi atazame? Mwalimu, ningependa kusema, lakini mwalimu mwenye watoto mia mbele yake anamwona mtoto anayesumbua. Aliyetulia na hofu yake ni zawadi kwake. Labda chaki anayoandikia imetengenezwa Maswa, jirani tu hapo, lakini msaidizi wa kumtazamia darasa hajatengenezwa popote. Dada anayesoma shule hiyo hiyo huona. Rafiki wa dawati huona, hata kama anachokiona atakiita “anakuwa kama mtu mwingine.” Bibi huona jioni. Wote hawa hawaendi Mwanza. Ndiyo maana daftari la shilingi mia chache lingefanya kazi kuliko kumbukumbu ya mama aliyechoka na basi: saa ya kidonge, alikula nini, saa aliyoanza kuogopa, saa iliyokwisha, alilala saa ngapi. Wiki mbili zinatosha. Daktari akizipata, anayo mikononi ile saa tatu iliyokuwa haiingii chumbani. Hofu ikiwa inafuata kidonge kila siku, apunguze kipimo au abadili muda. Ikiwa inakuja hata Jumapili isiyo na kidonge, atafute kwingine. Na kama ni kubwa, ipo fomu ya njano ya Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba, inayokusudiwa kuripoti maudhi. Taarifa kutoka Simiyu ingekuwa na thamani maalumu kwa sababu ni chache.

Vijana wakubwa wana lao. Anayejiandaa na kidato cha sita hujaza kahawa na kopo la kinywaji cha kuongeza nguvu juu ya kidonge, kisha akashangaa kwa nini kifua kinabana usiku. Mwingine hutafuna mirungi, iliyopigwa marufuku Tanzania lakini haikosi njia, na katinoni iliyomo ndani yake ni jamaa wa karibu wa amfetamini. Hapo kulaumu dawa ya daktari ni uonevu. Na anayemgawia rafiki kidonge kimoja usiku wa mtihani amempa mtu asiyepimwa moyo wala shinikizo la damu.

Wa mwisho kuulizwa huwa mtoto mwenyewe. Kliniki huzungumza na mama. Yeye anasimama kando, anakagua mizani. Akiulizwa, huulizwa kwa Kiswahili cha ofisini, na wengi wa watoto hawa maneno yao ya maumivu na ya woga ni ya Kisukuma, waliyofundishwa na bibi. Bugando hakukosi muuguzi wa kumwuliza kwa lugha hiyo. Pengine atasema kidonge kinampa hesabu na kinampa woga, na kwamba angependa kukimeza siku za shule tu, Jumamosi aende na ng'ombe bila hicho. Methilifenideti inaruhusu mapumziko ya namna hiyo kwa ushauri wa daktari, atomoksetini haiyaruhusu. Wapo madaktari wasioyapenda, wakisema umakini hautakiwi darasani peke yake, na anayevusha ng'ombe barabara ya Lamadi, malori yakipita, anauhitaji kuliko anayejumlisha sehemu. Hoja yao ina uzito. Mimi ningewaachia waamue watatu, yeye, bibi yake na daktari, mradi wa kwanza kuulizwa awe yeye, na akisema hataki tena kabisa, aulizwe ni saa ngapi huwa hataki.